Kutangaza Bidhaa na Kujenga Jina Jema

Wazee walituachia methali hii: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wengi huitumia kuwacheka wenye kupiga kelele sokoni. Lakini je, methali hiyo yamtosha mtu afanyaye biashara leo? Kule Uvira, tangu Kavimvira mpakani hata bandari ya Kalundu, rangi za makampuni ya simu zaonekana kutani, redio zasoma matangazo, na wachuuzi waita watu kwa kipaza sauti. Basi yafaa tujue kazi hiyo ni nini, yafaa kwa nini, na hatari yake iko wapi.

Kwanza tuanze na kitu chenyewe. Mwaka 1960 mwalimu Mmarekani, Jerome McCarthy, alifundisha kwamba mfanyabiashara hana budi kuangalia mambo manne: kitu anachouza, bei yake, mahali kinapopatikana, na namna ya kukijulisha kwa watu. Kutangaza ni sehemu ya jambo la nne tu. Wengi wetu twataka kuanza na la nne tukiwa hatujatengeneza la kwanza.

Tutwae mfano wa ndagala. Wavuvi wa ziwa Tanganyika wazivua usiku kwa mwanga wa taa, na asubuhi akina mama wazianika. Zikianikwa chini, zashika mchanga. Mvua ikinyesha, zaharibika. Mama aweza kuita tangu asubuhi hata jioni kwamba ndagala zake ni tamu; lakini mnunuzi akitafuna mchanga, kesho ataenda kwa mwingine. Upande wa Burundi, kule Mvugo, tangu mwaka 2004 shirika la FAO lilifundisha watu kuzianika juu ya vitanda vya wavu wa chuma. Ndagala zikakauka upesi, zikawa safi, na bei yake ikapanda. Muuzaji wa ndagala za namna hiyo ana neno la kutangaza.

Sasa tangazo, ndilo wengi waitalo piblisite, ni nini? Ni maneno, picha au sauti ambayo mtu anailipia ili bidhaa yake ijulikane na kununuliwa. Kwa kuwa analipa, yeye ndiye achaguaye la kusema na la kuacha. Tangazo jema lasema wazi: kitu gani, chapatikana wapi, kwa bei gani, na chamfaa nani. Tena larudiwa mara nyingi, maana mtu hakumbuki alichosikia mara moja tu.

Nguvu ya kurudia jina twaiona kila siku. Katika masoko ya Kivu watu wapima maharagi kwa gigozi. Si wote wajuao kwamba hilo ni jina la Mswisi mmoja, Maurice Guigoz, aliyetengeneza maziwa ya unga ya watoto. Maziwa yalikwisha, kopo likabaki kuwa kipimo, na jina likabaki pamoja nalo. Vivyo hivyo mawese yapimwa kwa chupa ya Primus, bia iliyoanza kutengenezwa Léopoldville mwaka 1926. Na sabuni ya unga yaitwa omo, hata ikitoka kwa kampuni nyingine.

Jambo la pili ni mahusiano na watu. Hapa mtu hanunui nafasi ya kusemea. Anatafuta watu wamwamini: anawaeleza kazi yake, anawasikiliza, anajibu maulizo, na penye kosa anatengeneza. Mama wa sokoni aongezaye matabishi kidogo juu ya kipimo, na kukubali kurudishiwa unga ulioharibika, anajua kazi hiyo, ingawa hakuisoma shuleni.

Huko Marekani alijulikana kwa kazi hiyo Ivy Lee. Mwaka 1906 treni ya kampuni ya Pennsylvania ilianguka majini karibu na Atlantic City, na watu wengi wakafa. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuficha. Lee aliwashauri wakubwa wa kampuni wawape waandishi wa magazeti habari yenyewe, tena upesi. Maana watu wasipoambiwa kweli, watajitungia habari yao.

Uvira wajua jambo hili kwa sababu ya kipindupindu. Mwaka 2020 mto Mulongwe ulifurika mwezi wa Aprili, na mwaka huo huo watu wa mji walipewa chanjo ya kipindupindu. Kazi ya namna hii haifaulu kwa bango peke yake. Yahitaji relais wa kartie aingie nyumba kwa nyumba, asikie mama anaogopa nini, na kumjibu kwa lugha anayoielewa. Bango haliwezi kuulizwa swali.

Basi, hatari iko wapi? Turudi kwa maziwa ya kopo. Katika miaka ya 1960 na 1970, makampuni ya maziwa ya unga, Nestlé ikiwamo, yalituma wanawake waliovaa kama wauguzi kuwatembelea akina mama wazazi katika nchi maskini, Afrika pia, na kuwapa maziwa ya kujaribu bure. Mama akiacha kunyonyesha, maziwa yake yapungua. Makopo ya bure yakiisha, yampasa kununua; asipokuwa na feza atia maji mengi na unga kidogo. Na maji yenyewe si safi. Mtoto aharisha, akonda, na wengine wakafa.

Mwaka 1974 shirika la Kiingereza War on Want lilitoa kijitabu cha kushitaki jambo hilo. Mwaka 1977 watu wa Marekani walianza kukataa kununua vitu vya Nestlé. Tarehe 21 Mei 1981, huko Genève, mkutano mkuu wa OMS ulikubali kanuni ya kukataza kutangaza maziwa hayo kwa watu wote na kuwapa akina mama makopo ya kujaribu: nchi 118 zilikubali, moja, Marekani, ilikataa, na tatu hazikuchagua upande.

Tuangalie vizuri. Picha ya mtoto mnene juu ya kopo haikuwa uongo. Watoto wa namna hiyo walikuwapo. Lakini picha haikusema habari ya maji. Katika mji unaopigwa na kipindupindu, neno lililoachwa ndilo lililokuwa la lazima kuliko yote.

Kwa hiyo, wenzetu mnaoongoza koperative, butiki au shule, kabla ya kutangaza mjiulize haya. Kitu chetu ni chema kweli? Bei na mahali tulivyosema ndivyo vilivyo? Tumeacha neno ambalo mnunuzi angalilijua asingalinunua? Akirudi kulalamika, nani atamsikiliza?

Methali ya wazee yabaki na kweli yake. Chema chajiuza kwa jirani aliyekionja. Lakini mtu wa Bukavu au wa Fizi hakukionja. Ni haki aambiwe, mradi aambiwe yote yanayompasa kujua.