Bima ya afya: gharama isiyokwepeka kwa wanaotafuta ukaazi Australia

Mzazi anayepiga hesabu ya kumpeleka mwanawe kusoma Australia huanza na karo, nauli na malazi. Bima ya afya huwekwa mwisho wa orodha, ingawa ndiyo inayomfuata mwanafunzi tangu siku ya kuomba viza hadi anapopata ukaazi wa kudumu.

Masomo

Mfuko wa umma wa matibabu wa nchi hiyo, Medicare, ulianza kazi Februari 1984, lakini mwanafunzi wa kigeni kwa kawaida hana haki nao. Australia ina mikataba ya matibabu na nchi 11, na hakuna hata moja ya Afrika. Hivyo basi, mwanafunzi kutoka Kenya au Tanzania hulazimika kununua bima maalumu ya wanafunzi, OSHC, itakayodumu muda wote wa viza. Akija na mke, mume au watoto, nao lazima wakatiwe, na ada hupanda sana.

Bima hiyo huuzwa na kampuni kadhaa, zikiwemo Medibank, Bupa, nib na Allianz. Vyuo vingi vina mapatano na kampuni moja na huiingiza ada yake kwenye ankara ya karo. Mwanafunzi hafungwi na mapatano hayo. Anaweza kulinganisha bei na kununua kwingine. Asome pia kisicholipwa: matibabu ya kawaida ya meno na miwani kwa kawaida hayamo, na ugonjwa aliokuja nao huweza kusubiri hadi miezi 12 kabla ya kampuni kulipa.

Baada ya shahada

Mhitimu anayeomba viza ya muda ya wahitimu, namba 485, hutakiwa kuonyesha bima wakati wa kuwasilisha maombi. Hapa ndipo wengi hukwama. Bima ya masomo inakwisha, na ile ya wageni wasio wanafunzi haijanunuliwa. Kukaa bila bima ni kuvunja sharti la viza, namba 8501, na doa hilo halimsaidii mtu anayejiandaa kuomba ukaazi.

Aidha, wanaofanya kazi waangalie makato ya kodi. Wakazi hutozwa asilimia 2 ya mapato kwa ajili ya Medicare. Asiye na haki ya Medicare anaweza kuomba cheti cha kuthibitisha hivyo, kisha adai msamaha katika taarifa yake ya kodi. Kwa anayepata dola 50,000 za Australia kwa mwaka, hizo ni dola 1,000.

Ukaazi wa kudumu

Aliyewasilisha maombi ya ukaazi akiwa ndani ya nchi, na ana ruhusa ya kufanya kazi, kwa kawaida anaweza kujiandikisha Medicare kabla jibu halijatoka. Maombi ya viza za wazazi hayamo katika nafuu hiyo. Anayeomba akiwa nje ya nchi hungoja hadi apewe viza na kuwasili. Bima isikatishwe kabla kadi haijapatikana. Baada ya hapo, mwenye OSHC adai kurudishiwa ada ya miezi ambayo hakuitumia.

Ipo pia hesabu ambayo bima haiwezi kuifuta. Mwombaji na jamaa zake hupimwa afya, na daktari wa serikali hukadiria gharama za matibabu yao kwa umma. Tangu Julai 1, 2024, kiwango kinachohesabika kuwa kikubwa ni dola 86,000. Kabla ya hapo kilikuwa dola 51,000. Kwa viza nyingi za ukaazi, makadirio yakizidi hapo maombi huweza kukataliwa, hata kama mwombaji ana bima binafsi ya gharama kubwa. Familia yenye mgonjwa wa muda mrefu ni bora ipate ushauri wa wakala wa uhamiaji aliyesajiliwa kabla ya kulipa karo ya mwaka wa kwanza, wala si baada ya mtoto kuhitimu.

Kwa wanaopanga sasa, bajeti iwe na mafungu matatu ya bima: miaka ya masomo, miaka ya viza ya wahitimu, na akiba ya miezi ya kungojea kadi. Ada ya viza ya masomo yenyewe ilipanda kutoka dola 710 hadi 1,600 Julai 2024, kisha hadi 2,000 Julai 2025. Fedha ya bima isichotwe kuziba pengo hilo.