Kupima Mwendo wa Maji ya Mfereji

Kiangazi kikianza, ugomvi wa maji nao huanza. Mwenye shamba la bondeni anapanda kule mlimani, anaona maji yanakimbia kwa kishindo, na kwake yanajikokota tu. Basi anachukua jembe, anasema ameibiwa. Pengine kweli ameibiwa. Lakini kwa jicho tu hawezi kujua.

Mwendo ni umbali ambao kitu kinakwenda kwa muda fulani. Kwa hiyo tafuta kamba ya mita 10 na saa yenye mshale wa sekunde. Chagua mahali mfereji ulipo nyoofu, ng'oa majani, simika vijiti viwili mita 10 mbalimbali. Litupe chungwa kabla ya kijiti cha kwanza ili lishike mwendo, kisha hesabu sekunde toka kijiti hadi kijiti. Chungwa ni zuri kwa sababu huzama karibu lote, upepo haulisukumi. Rudia mara tatu. Likigusa ukingo, usiihesabu mara hiyo.

Tuseme mlimani limetumia sekunde 10: mita 1 kila sekunde. Bondeni sekunde 20: nusu mita. Je, ni wizi? Ngoja kwanza. Maji ya usoni hukimbia kuliko yale yanayokwaruza udongo, hivyo chukua sehemu 8 katika 10: mita 0.8 na mita 0.4. Sasa pima upana na kina. Mlimani upana sentimita 40, kina 15. Bondeni upana 60, kina 20. Zidisha kwa mita:

0.4 × 0.15 × 0.8 = 0.048
0.6 × 0.2 × 0.4 = 0.048

Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, kwa hiyo pote pawili zinapita lita 48 kila sekunde. Hakuna aliyeiba. Bondeni mfereji umepanuka, maji yakapunguza mbio.

Lakini kama bondeni chungwa limetumia sekunde 30, kwa upana na kina kilekile, hapo zinafika lita 32 tu. Lita 16, karibu debe zima, zinapotea kila sekunde! Fuata mfereji wote, tazama mashimo ya fuko na kingo zinazovuja. Na kabla ya kupima, waombe walio katikati wafunge milango yao ya maji, ukapime pote asubuhi ileile.