Maji na Mafuta ya Kupozea Mashine za Kuchomelea: Hatari Iingiayo Jikoni



Kazi ya kuchomelea vyuma imezilisha nyumba nyingi za jamaa zetu hapa Johannesburg. Mageti ya Mayfair, nondo za madirisha ya Rosettenville, meza na masinki ya chuma kisichoshika kutu katika mikahawa ya Fordsburg: mara nyingi ukiuliza ni nani aliyevitengeneza utatajiwa fundi wa Tanga, wa Bujumbura au wa Bukavu. Ukizungumza na mafundi hao juu ya hatari za kazi yao, watakutajia mwanga unaoumiza macho, moshi unaoingia kifuani na cheche zinazotoboa nguo. Ni wachache watakaotaja kile kinachoipoza mashine. Nasi tumeonelea tuandike juu ya hicho, na tunaomba makala hii isomwe na mama wa nyumba kabla ya fundi mwenyewe, kwani sehemu kubwa ya hatari tutakayoieleza haipo karakanani, ipo jikoni.

Tuanze na mashine. Umeme mwingi unapopita katika waya huutia joto. Jambo hilo tulilifundisha darasani miaka mingi kwa betri na kipande cha waya mwembamba. Mashine ndogo za kisasa hupozwa kwa feni, na hizo hazina mengi ya kuelezwa. Zipumzishwe kama ilivyoandikwa kwenye kibati chake (palipoandikwa asilimia 60, maana yake ni dakika 6 za kazi katika kila dakika 10), na zisifunikwe gunia zikiwa zinafanya kazi. Kwa mji huu tuongeze habari ya vumbi. Upepo wa mwezi wa Agosti hupeperusha mchanga laini wa vilima vya migodi ya dhahabu, na mchanga huo ukichanganyika na unga wa chuma unaotoka kwenye mashine ya kusagia huziba matundu yote ya hewa. Fundi achomoe plagi, kisha ayasafishe.

Mashine za kuchomelea kwa gesi ya argoni ni habari nyingine. Tochi yake ikitumia umeme mdogo hupozwa na gesi na hewa tu, lakini fundi anapofikia ampia 200 na kupita, kwa kawaida huhitaji tochi inayopozwa kwa maji. Pembeni ya mashine huwekwa kisanduku chenye tangi la lita chache, pampu, feni, na rejeta mfano wa ile ya gari. Maji hutoka tangini kwa mpira ambao kwa desturi ni wa buluu, huzunguka katika kichwa cha tochi, kisha hurudi kwa mpira mwekundu. Ambalo wengi hawalijui ni kuwa ndani ya mpira huo wa kurudishia maji ndimo ulimopitishwa waya wa shaba unaopeleka umeme kwenye tochi. Waya huo umefanywa mwembamba makusudi, ili tochi iwe nyepesi mkononi, na aliyeubuni alitegemea kuwa maji yataupoza muda wote. Maji yakisimama na umeme ukaendelea, waya huungua kwa muda mfupi sana, mpira hupasuka, na maji yaliyokwisha kugeuka mvuke humrukia fundi mkononi au usoni.

Kwa hiyo hapana budi fundi ahakikishe kwamba maji yanarudi tangini kabla ya kuwasha moto. Tochi nyingi huhitaji kiasi cha lita moja kwa dakika, na kiasi hicho hupimwa kwa chupa na saa ya mkononi, pasipo chombo cha ghali. Kisanduku cha kupozea mara nyingi huwa na plagi yake peke yake, na hapo ndipo penye mtego: umeme ukikatika na kurudi, jambo tulilolizoea mno katika mwaka 2023, mashine huweza kuwaka na pampu ikabaki imelala. Wapo pia waliounga tochi moja kwa moja kwenye bomba la mji na kuyaacha maji yakimwagika mtaroni. Huo ni ubadhirifu kwanza, na pili bomba la Johannesburg hukauka bila ya kuaga. Mwisho wa kazi pampu iachwe izunguke dakika chache kabla ya kuzimwa, kwa sababu joto lililobaki kichwani mwa tochi huendelea kuunguza mipira hata baada ya mwanga kuzimika.

Mpira unaovuja usifungwe kwa gundi ya karatasi. Pampu ile hutumia umeme wa volti 230, na fundi anayesimama katika kidimbwi cha maji akiwa na glavu zilizolowa amekwisha kumfungulia umeme njia mwilini mwake. Ubao wa umeme wa nyumba za hapa huwa na swichi inayojikata wakati umeme unapovuja, hata ukivuja sehemu 30 tu katika elfu moja ya ampia. Swichi hiyo ikijikata mara kwa mara, haifai kuifunga kwa waya ili isikate, kama tulivyowahi kuona kwa macho yetu. Tena, swichi hiyo hailindi upande wa tochi, ambako umeme umekwisha kupita katika transfoma ya mashine. Kanuni za Usalama za mwaka 1986, zinazotumika chini ya Sheria ya Afya na Usalama Kazini Nambari 85 ya 1993, zimesema wazi juu ya kuchomelea mahali penye maji au unyevu: nyaya ziwe nzima, kishikio kiwe kimezibwa kisipitishe umeme, fundi awe na viatu, glavu au mkeka wa mpira, na pawepo mtu wa pili aliyefundishwa namna ya kumsaidia, asiondoke hata kazi imalizike. Mwajiri anayemwacha kijana wetu peke yake katika banda lililofurika maji amevunja kanuni hiyo, na kijana ana haki ya kumkumbusha.

Sasa, ni maji gani yatiwe? Maji ya bomba yana chumvi. Chumvi hiyo hupitisha umeme, hula shaba, na huacha magamba yanayoziba vijia vyembamba vya tochi. Maji yaliyoondolewa chumvi, yale yauzwayo kwa ajili ya kuongezea betri za magari, ni bora zaidi. Lakini tahadhari, tunasema maji ya kuongezea na si asidi ya betri. Kulanti ya gari nayo haifai, kwani imetiwa dawa za kuzuia kutu na pengine za kuziba matundu, na dawa hizo huziba vijia vya tochi vilevile.

Ndugu aliyekulia Mombasa au Unguja atauliza kwa nini asitie maji yaliyoondolewa chumvi peke yake. Jawabu ni baridi. Johannesburg iko kiasi cha mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai maji yaliyoachwa bandani huganda. Theluji yenyewe ilianguka mjini hapa mwezi wa Agosti 2012 na tena tarehe 10 Julai 2023. Maji yanapoganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, na nguvu ya kutanuka huko hupasua pampu, rejeta na mipira. Kwa sababu hiyo viwanda hutengeneza maji maalumu ya kupozea, yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kuganda. Nyingi katika dawa hizo ni za jamii ya glaikoli, na hapa ndipo tunapowaomba kina mama wasome polepole.

Ziko glaikoli mbalimbali. Propilini glaikoli ina sumu ndogo. Ethilini glaikoli ni sumu kali, nayo kwa bahati mbaya ni tamu. Haina harufu ya kumshitua mtu, na mara nyingi hutiwa rangi ya kijani, buluu au waridi, rangi za sharubati. Nusu glasi ya ethilini glaikoli isiyochanganywa na maji yaweza kumuua mtu mzima. Kwa mtoto wa miaka miwili, vijiko viwili vya chakula vinatosha. Ndugu yake, diethilini glaikoli, aliua watoto saba Cape Town mwaka 1969 baada ya kuingia katika dawa ya kutuliza watoto, na mwaka 2022 watoto takriban 70 walikufa Gambia baada ya kunyweshwa dawa za kikohozi zilizokutwa na sumu hizi mbili. Hao walinyweshwa na wazazi wao kwa nia njema. Mtoto anayeikuta chupa ya soda chini ya kitanda, yenye maji matamu ya kijani, hahitaji kunyweshwa na mtu.

Na chupa ya soda ndiyo tunayoiona kila mara. Fundi hununua dumu la lita 5 au 20 pamoja na wenzake, wakagawana katika chupa zilizo tupu. Kisha, kwa kuogopa wizi na baridi, huja nayo nyumbani, ambako chumba kimoja ndicho jiko na ndicho malazi. Dumu likiisha, ni zuri, lina mfuniko madhubuti, na maji ya bomba yamekatika tangu jana. Linasuuzwa na kutiwa maji ya kunywa. Tunasema kwa mkazo: dumu hilo litobolewe litupwe, na maji ya kupozea yabaki katika chombo chake chenye maandishi, ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na chumba cha kulala.

Dalili zake zina udanganyifu wa pekee kwa nyumba za Waislamu. Katika saa za mwanzo aliyekunywa huonekana kama mlevi: huyumba, hubwabwaja, hutapika, husinzia. Baadaye pumzi huenda mbio na moyo hudhoofika, na baina ya siku ya kwanza na ya tatu figo hufa, kwani sumu ikivunjwavunjwa mwilini huzaa chembe ngumu zinazoziba figo. Sasa fikirini kijana asiyejulikana kwa pombe, anaingia nyumbani akiyumba baada ya kunyonya mpira kwa mdomo ili ayavute maji tangini, kama wavutavyo petroli. Wazee wataona haya, watafunga mlango, watamlaza hadi asubuhi ili majirani wasisikie. Saa hizo walizozificha ndizo saa ambazo daktari angeweza kumwokoa. Anayeyumba na kazi yake ni hii apelekwe hospitali usiku huohuo, na chombo chenye maandishi kipelekwe pamoja naye. Asilazimishwe kutapika.

Hospitalini kuna jambo jingine la kushitua. Iko dawa iitwayo fomepizoli, nayo ni ghali na haipatikani kila mahali. Ikikosekana, dawa iliyotumika tangu zamani ni pombe safi ya hospitali, yaani ethanoli, inayotiwa mshipani au kunyweshwa kwa kipimo, kwa kuwa huishughulisha ini hata isipate nafasi ya kuigeuza glaikoli kuwa sumu kali zaidi. Ndugu asikatae. Kanuni ya dharura inajulikana na wanavyuoni wetu wote, na anayetaka kutulia moyo amwulize imamu wake leo, akiwa mzima, asingojee kubishana na muuguzi saa nane ya usiku.

Yamebaki mafuta. Huko kwetu, kutoka Katwe ya Kampala hadi Gikomba ya Nairobi, mafundi wamejitengenezea mashine kwa kuzungushia waya chuma cha transfoma na kuitumbukiza katika tangi la mafuta. Ni ubunifu wa kusifiwa, na mafuta hupoza vizuri kweli. Mashaka ni pale mafuta hayo yanapotolewa katika transfoma kuukuu za shirika la umeme. Nyingi zina mafuta ya madini ya kawaida, lakini baadhi ya zile za zamani zilitiwa, au zimechanganyikana na, kemikali ziitwazo PCB, ambazo Marekani ilizipiga marufuku mwaka 1979 na ambazo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unazitaka nchi kuziondoa. Mwaka 1968, nchini Japani, kemikali hizo ziliingia katika mafuta ya kupikia, na watu zaidi ya elfu moja waliugua. Mwaka 2013 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walizitia katika daraja la vitu vinavyothibitika kuleta saratani. Hupenya katika ngozi, hukaa katika shahamu za mwili kwa miaka, na hupita katika maziwa ya mama.

Hazijulikani kwa macho wala pua. Tumesikia fundi akisema mafuta mabaya huzama katika maji na mazuri huelea. PCB tupu huzama, ni kweli, lakini mafuta ya madini yaliyochafuliwa nayo huelea kama kawaida, na jaribio hilo humpa mtu amani ya uongo. Nchini Kenya iliripotiwa mwaka 2014 kuwa mafuta yaliyoibwa katika transfoma yalikuwa yakiuzwa kukaangia chipsi, kwa sababu hayaishi haraka. Anayeletewa hapa mafuta ya bei rahisi yasiyo na jina asiyanunue, si kwa mashine wala kwa sufuria. Na mwenye mashine ya mafuta yasiyojulikana asiyamwage mtaroni. Ayaache katika tangi lililofungwa na aipeleke kampuni inayoshughulikia taka za sumu, kisha anunue mashine ndogo ya feni. Nguo zilizolowa mafuta hayo zisifuliwe pamoja na nepi za mtoto.

Simu ya ushauri wa sumu kwa Afrika Kusini yote ni 0861 555 777, usiku na mchana. Gari la wagonjwa ni 10177, au 112 kwa simu ya mkononi. Swali la kwanza litakuwa jina la kitu kilichonywewa. Basi mwanafunzi wa nyumba anayeandika Kiingereza vyema apewe kazi wiki hii ya kunakili, herufi kwa herufi, jina lililoandikwa kwenye dumu la baba yake, na karatasi hiyo ibandikwe ukutani pamoja na nambari hizi.