Samaki Wakali wa Ziwa Turkana Sebuleni

Wanafunzi wangu wa biolojia hapa Lodwar wakiliona tangi la kioo lililo sebuleni kwangu huuliza swali lilelile: "Mwalimu, mbona hawa wawili hawataki wenzao?" Hawataki kwa sababu wana watoto. Hemichromis ni samaki mdogo, anaenea kiganjani, na ukali wake mwingi ni wa malezi. Dume na jike husugua jiwe bapa kwa midomo mpaka litakate, kisha jike hutaga mayai juu yake, mara nyingi mamia. Siku mbili tatu baadaye yanaanguliwa. Wazazi huwabeba vifaranga mdomoni, wachache wachache, na kuwatema ndani ya shimo walilochimba mchangani, nao hubaki humo wakitikisa mikia mpaka wajue kuogelea. Samaki mwingine akisogea hapo hung'atwa mapezi. Ziwani angekimbia. Ndani ya kioo hana pa kukimbilia, na akifa, wa kulaumiwa ni aliyemweka humo.

Kwa hiyo usichukue dume mmoja na jike mmoja ukawafungia pamoja. Wasipopatana, jike anaweza kuuawa usiku mmoja. Lea wachanga sita au wanane pamoja, waache wachaguane, na siku utakayoona wawili wanalinda kona yao, watoe wengine wote. Kwa jozi moja sishauri tangi lililo chini ya lita 150. Panga mawe na vigae vya vyungu ili mmoja aweze kujificha mwenzake asimwone.

Huku kwetu adui mkubwa ni joto. Maji yakipata moto hushika oksijeni kidogo, na nyumba ya mabati ya Lodwar mchana ni tanuri. Tangi langu liko mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri, na nimelizungushia gunia bichi. Hewa yetu kavu hulikausha haraka na kuyapoza maji. Pampu ya hewa hutumia betri ya sola.

Nina rafiki katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mama aliyetoka Uvira kando ya Ziwa Tanganyika, naye pia hufuga. Kambi hiyo iko tangu 1992, na maji yake ya visima hupangiwa foleni ya mitungi. Mtu ana haki ya kuuliza kwa nini samaki wapewe maji. Yeye hujibu kwa vitendo: maji anayoyatoa kwenye tangi, yenye kinyesi cha samaki, huyamwagia sukuma wiki alizopanda kwenye magunia. Maji mapya huyaacha kwenye ndoo iliyofunikwa chandarua siku nzima ili klorini itoke na mbu wasitage.

Sasa jambo linaloniuma zaidi. Ziwa letu, Turkana, lina Hemichromis wa aina mbili. Hemichromis exsul, aliyeelezwa kisayansi na Ethelwynn Trewavas mwaka 1933, hapatikani kwingine kokote duniani. Mwenzake, Hemichromis letourneuxi, ameenea kuanzia Mto Nile hadi Afrika Magharibi. Usiwachanganye kwenye tangi moja, maana wanaweza kuzaa machotara. Huyo wa pili alifika Florida, Marekani, kupitia biashara ya samaki wa mapambo, na leo amejaa kwenye vinamasi vya Everglades, anakula samaki wa huko. Sisi wenyewe tuna mfano wa karibu: mbuta waliopandwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960 walichangia kuangamiza mamia ya aina za samaki wadogo.

Basi hata kifaranga mmoja asimwagwe katika Mto Turkwel, wala Mto Tarach mvua ikinyesha, hata kama babu yake alivuliwa ziwani pale Kalokol. Samaki wa tangini anaweza kubeba ugonjwa ambao wa ziwani hawaujui. Kabla ya kuvua au kusafirisha samaki hai, pita kwanza ofisi ya uvuvi ya kaunti. Na kabla ya kuzalisha, hesabu ni nani atakayewachukua watoto, kwa majina. Mimi huzipa shule zenye tangi na mtu wa kulitunza. Majina yasipotosha, nalitoa jiwe mayai yakiwa bado mabichi, naliosha, na jozi ile naitenganisha kwa ubao wa plastiki wenye matundu mpaka nipate wa kuwapokea.