Je, Wajua? Mawimbi ya ubongo hutoa onyo baada ya upasuaji

Shosho wa Kibera au Kawangware amevunjika nyonga, akapasuliwa salama. Usiku wa pili anang'oa mpira wa dripu na kumwita mumewe aliyefariki zamani. Jamaa wananong'ona kuwa amerogwa. La hasha! Huo ni mkanganyiko wa ghafla wa akili, na huwapata wazee wengi baada ya upasuaji. Wa kutisha zaidi ni ule wa kimya: mgonjwa amelala tu, haongei, na kila mtu anadhani anapumzika.

Lakini ubongo wenyewe hutoa ishara. Mwaka 1924, daktari Mjerumani Hans Berger alinasa kwa mara ya kwanza mawimbi ya umeme ya ubongo wa binadamu. Ubongo uliovurugika hupunguza kasi ya mawimbi hayo, hata chini ya mara 4 kwa sekunde. Lakini kipimo kamili huhitaji nyaya 20 hivi kichwani, pamoja na mtaalamu wa kukisoma. Ndipo mtafiti Gen Shinozaki na wenzake, wakiwa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, wakajaribu kifaa chenye vibandiko vichache kwenye paji la uso, kwa dakika chache tu. Mawimbi ya polepole yalipozidi, hatari ya mkanganyiko, hata ya kifo, ilipanda.

Kifaa hicho bado kiko kwenye utafiti. Kwa sasa, mpelekee shosho miwani yake, mkumbushe leo ni siku gani, mwache alale usiku. Akibadilika ghafla, mwambie nesi papo hapo, usingoje daktari apite asubuhi.