Mwanajiolojia Hupimwaje? Mfano wa Kinywe cha Ruangwa

Katika wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, hupatikana kinywe, yaani kaboni nyeusi, laini, itumikayo katika penseli, matofali ya tanuri na betri. Wilaya jirani ya Nachingwea ina nikeli katika kilima cha Ntaka. Kinywe hicho kimo katika miamba geu ya Ukanda wa Msumbiji. Asili yake ni matope yenye mabaki ya viumbe, yaliyozikwa chini sana, yakashindiliwa na kupashwa joto kali zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Nguvu hizo ziliyakunja matabaka na kuyainamisha.

Mwanachuo wa jiolojia apelekwaye katika nchi ya namna hiyo hawezi kupimwa kwa mtihani wa darasani peke yake. Mwalimu hukagua mambo matatu: daftari la ugani, ramani na ripoti. Daftari huonyesha alichokiona na alichokipima kwa dira. Ripoti huonyesha alivyokifasiri. Katika ramani, mpaka wa miamba uliouonwa kwa macho huchorwa kwa mstari kamili, na ule uliokisiwa chini ya udongo huchorwa kwa mstari wa vipande. Anayeuchanganya mstari mmoja na mwingine hupoteza alama, hata kama makisio yake ni sahihi.

Hebu tuchukue mfano. Mwanachuo avuka tabaka la kinywe kwenye uwanda, akilikata kwa pembe mraba, na kupima upana wa meta 20. Tabaka limeinama digrii 30. Katika ripoti yake aandika kuwa unene wa tabaka ni meta 20. Kumbe, katika pembetatu mraba yenye pembe ya digrii 30, upande unaoikabili pembe hiyo ni nusu ya upande mrefu kuliko yote. Kwa hiyo unene wa kweli ni meta 10. Akiutumia unene wake kukadiria akiba ya madini, atapata maradufu ya kilichopo.

Je, mwalimu afanyeje? Akiandika "12 kati ya 20" na kunyamaza, mwanachuo hatajua kama amekosea kupima, kukokotoa au kufikiri. Afadhali aandike: "Vipimo vyako ni sahihi. Chora mkato wa tabaka, kisha upime unene upya." Maelezo hayo yafaa yatolewe kambini, angali anaweza kurudi mwambani siku ya pili.

Historia ya Nachingwea yatufundisha gharama ya kuchelewa. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ulifyeka misitu kabla udongo na mvua havijachunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 ukaachwa.

Walimu wa sekondari waweza kuujaribu mfano huu kwa kitabu kilichoinamishwa mezani, rula na kipimapembe. Kila mwanafunzi aandike kwanza alichokipima, na chini yake alichokikisia. Kisha arudishiwe kazi yake aisahihishe kabla ya kupewa alama.