Kwa nini keki ya Krismasi huumuka Mombasa na kudidimia Nyahururu

MSIMU wa Krismasi unapobisha hodi, familia nyingi za mijini hufunga safari kuelekea mashambani zikiwa zimebeba unga wa ngano, sukari, siagi na trei ya mayai. Nia huwa moja: kuoka keki nyumbani ili watoto, wazazi na wageni waionje pamoja siku ya tarehe 25 Desemba.

Hata hivyo, si ajabu mpishi ambaye keki yake husifiwa na kila aionjaye mjini Mombasa kuona kazi ileile ikimharibikia akiwa kwa wakwe zake Nyahururu. Keki huumuka upesi, ikafika ukingoni mwa sufuria, kisha ikadidimia katikati mithili ya bakuli. Lawama humwangukia mtoto aliyepita jikoni akikimbia, mwenye duka aliyeuza unga, au hata jiko lenyewe. Gharama ya viungo imekwisha kutumika na wageni wako njiani.

Mara nyingi mkosaji si yeyote kati ya hao. Mkosaji ni hewa. Mpishi anayeelewa jinsi keki inavyojijenga ndani ya moto anaweza kuoka keki nzuri popote nchini, awe na oveni ya umeme au jiko la makaa.

Keki hujengwa na nini

Keki ni povu lililogandishwa kwa joto. Siagi na sukari zinapopigwa pamoja kwa mwiko, punje za sukari huipasua siagi na kuingiza ndani yake mapovu madogo ya hewa. Mayai huyashikilia mapovu hayo. Unga nao huleta wanga, pamoja na utando unaonata ambao huzidi kukaza kadiri unavyokorogwa. Ndiyo maana unga huchanganywa kwa upole na kwa muda mfupi, la sivyo keki hutoka ngumu kama mkate uliolala.

Kazi ya kuyatanua mapovu hufanywa na beking poda. Mchanganyiko huu, uliobuniwa na mkemia Mwingereza Alfred Bird mwaka wa 1843, una magadi na asidi kavu. Ukilowa, viwili hivyo hukutana na kutoa gesi ya kabonidioksidi. Aina nyingi zinazouzwa madukani hutoa gesi tena zinapopata moto.

Gesi inapoyatanua mapovu, joto nalo huyagandisha mayai na kuufanya wanga unyonye maji na kukaza. Mambo haya mawili yanapaswa kwenda sambamba. Gesi ikitangulia na kuta za mapovu zikachelewa kukaza, mapovu hupasuka na keki hudidimia.

Mwinuko na hila zake

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, na keki ya milimani huuthibitisha usemi huo. Mombasa iko kandokando ya bahari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nyahururu zaidi ya mita 2,300. Kadiri mtu apandavyo, ndivyo hewa inavyopungua uzito na shinikizo lake kushuka. Maji ambayo huchemka kwa nyuzijoto 100 Mombasa huchemka kwa takriban nyuzijoto 94 Nairobi, na 92 hivi Nyahururu.

Kwa keki, jambo hili lina matokeo mawili. Kwanza, gesi haipati mzigo wa kutosha wa kuizuia, hivyo hutanuka kupita kiasi kabla ya keki kukaza. Pili, maji huvukiza haraka na kuacha sukari nyingi katika unyevu uliobaki. Sukari ikizidi, mayai na wanga huchelewa kukaza. Kwa hivyo kipimo kilichofaa Pwani, au kilichotolewa kwenye kitabu cha mapishi kutoka Uingereza, hakina budi kurekebishwa bara.

Vipimo na marekebisho

Kipimo rahisi cha keki ya familia ni gramu 250 za unga wa ngano, gramu 250 za siagi, gramu 250 za sukari na mayai manne makubwa. Mpishi wa Pwani huongeza vijiko viwili vya chai vya beking poda na vijiko viwili vya mezani vya maziwa.

Akiwa Nairobi, atumie kijiko kimoja na nusu cha beking poda. Nyahururu, kijiko kimoja na robo kinatosha. Katika miji yote miwili, apunguze vijiko viwili vya mezani vya sukari na kuongeza vijiko vitatu vya maziwa ili kufidia maji yatakayovukiza. Mayai nayo yasipigwe hadi yakajaa povu jingi, kwa kuwa hewa hiyo pia itatanuka.

Anayetaka ladha ya sikukuu aongeze iliki, mdalasini na kungumanga iliyokunwa. Zabibu kavu hulowekwa usiku kucha katika maji ya machungwa au chai ya rangi, kisha huchujwa, hukaushwa kwa kitambaa na kupakwa unga kidogo ili zisizame chini ya keki.

Moto juu, moto chini

Kutokuwa na oveni si kizuizi. Waswahili wa Pwani wamekuwa wakioka mkate wa mayai kwa kupalia makaa, yaani kuweka moto chini ya chombo na makaa mengine juu ya kifuniko. Ufundi huohuo hufaa keki ya Krismasi.

Sufuria kubwa na nzito hutandazwa mchanga safi, mkavu, wenye kina cha vidole viwili. Hufunikwa na kuwekwa juu ya makaa yasiyo na ndimi za moto kwa muda wa robo saa. Sufuria ndogo iliyopakwa siagi na kutandikwa karatasi hujazwa mchanganyiko hadi nusu au zaidi kidogo, kisha huwekwa juu ya mchanga huo. Kifuniko hurejeshwa na makaa machache kupaliwa juu yake.

Mchanga huyazuia makaa yasiichome keki upande wa chini, na makaa ya juu huipa rangi ya kahawia. Kifuniko kisifunguliwe katika nusu saa ya kwanza, kwani hewa baridi ikiingia kabla ya kuta kukaza, keki huanguka. Baada ya dakika 45 hadi saa moja, kijiti safi huchomwa katikati. Kikitoka kikavu, keki imeiva.

Jiko la makaa halina msamaha

Kuna jambo zito kuliko keki iliyodidimia. Makaa yanapowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hiyo hushika damu mahali ambapo oksijeni ingeshika, na mtu huweza kufa bila kujua kinachomuua. Hatari huwa kubwa zaidi nyanda za juu, ambako baridi ya usiku huwashawishi watu kufunga milango na madirisha, kisha kulibakiza jiko ndani ya nyumba ili kuota moto baada ya kuoka.

Keki iokewe nje, barazani au katika jikoni lenye madirisha na mlango wazi. Makaa yakishamaliza kazi yabaki nje, hata kama yanaonekana kufifia. Mtu akianza kuumwa na kichwa, kuhisi kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, atolewe kwenye hewa safi mara moja na kufikishwa hospitalini.

Urembo hungoja baridi

Keki iliyoiva huachwa sufuriani dakika 10, kisha hutolewa na kupozwa kwa saa mbili au zaidi. Anayepaka aisingi juu ya keki yenye joto huiona ikiyeyuka na kutiririka pembeni.

Aisingi rahisi huandaliwa kwa kuchekecha gramu 250 za sukari ya aisingi na kuikoroga na vijiko viwili au vitatu vya maji ya ndimu, kidogo kidogo, hadi iwe nzito. Hii hukauka vizuri na hufaa Mombasa, ambako joto la Desemba huifanya aisingi ya siagi kulegea. Nyanda za juu, aisingi ya siagi husimama bila taabu.

Mapishi ya kale ya Kiingereza hutumia ute mbichi wa yai. Yai bichi laweza kuwa na viini vya salmonela, navyo ni hatari hasa kwa watoto wadogo, wajawazito na wakongwe, ambao ndio hukaa meza ya mbele siku ya sikukuu. Ni heri kuuacha.

Rangi hazihitaji kununuliwa. Matone ya maji ya bitiruti hutoa waridi, na chembe ya manjano hutoa rangi ya dhahabu. Vipande vya lozi, njugu na maganda ya machungwa yaliyochemshwa katika sukari hupendeza bila gharama kubwa, mradi hakuna mgeni anayedhuriwa na njugu.

Unga unaometameta usitumiwe ikiwa kibandiko chake hakisemi wazi kwamba unaliwa, kwani aina nyingine ni za kupambia kadi na nguo. Ua jekundu la Krismasi linalopandwa katika bustani nyingi pia halifai juu ya keki, kwa sababu utomvu wake huwasha mdomo na kuchafua tumbo.

Anayesafiri kwenda kuoka mahali asikozoea atafanya vyema kuoka keki ndogo ya majaribio siku mbili kabla ya sikukuu, kwa yai moja na robo ya vipimo vingine. Ikididimia, apunguze beking poda kwa chembe nyingine. Ikitoka kavu, aongeze maziwa. Hasara ya yai moja ni nafuu kuliko ya trei nzima.